Karatasi ya Miraba: Historia ya Nakshi Zinazosomwa kwa Sindano



Watu wengi hufikiri kwamba kusoma ni kujua herufi tu. Mtu asiyejua a, e, i, o, u huambiwa kwamba hajui kusoma, na pengine mwenyewe hukubali kuambiwa hivyo maisha yake yote. Lakini yako maandiko mengine duniani. Mpiga kinanda husoma alama za muziki. Fundi wa nyumba husoma ramani. Na mama anayefuma sweta aweza kusoma karatasi ya miraba ambayo haina hata neno moja, naye atatoa nguo sawasawa na ile aliyoikusudia mtu aliyeichora katika nchi ya mbali.

Karatasi hiyo ndiyo tunayotaka kuieleza leo. Imetoka wapi? Husomwaje? Nayo yatufaa nini sisi wa nchi hizi, tulio na baridi ya milima huko Bukavu na Butembo, na watoto wachanga wanaohitaji kofia na soksi?

KITANZI

Tuanze na jambo lenyewe. Kuna njia mbili kubwa za kupata nguo kwa uzi. Ya kwanza ni ya mtande: nyuzi nyingi hunyoshwa, na uzi mwingine hupitishwa kati yao, juu na chini. Ndiyo kazi ya mfuma nguo wa zamani. Ya pili ni ya vitanzi: uzi ni mmoja tu, na kwa sindano mbili mtu hutoa kitanzi ndani ya kitanzi, mstari juu ya mstari. Ndiyo kazi ya sweta na soksi. Nguo ya vitanzi hunyumbuka, hufuata mwili, lakini kitanzi kimoja kikikatika, jirani zake huanza kufunguka nao.

Katika nguo ya vitanzi, kila kitanzi kina mahali pake. Kina jirani wa kuume na wa kushoto, kina kitanzi chini yake na kingine juu yake. Basi aliyefahamu jambo hili amekwisha kuifahamu karatasi ya miraba, kwa maana mraba mmoja ni kitanzi kimoja. Lakini watu walifuma miaka mamia kabla ya kuandika hivyo.

MISRI NA HISPANIA

Nguo za zamani sana za vitanzi zilizohifadhiwa mpaka leo zimetoka Misri. Ni soksi za pamba, za karne ya 11 hadi ya 14, nyeupe na buluu. Tena si soksi za mtu anayejaribu tu: zina nakshi za rangi mbili zilizopangwa kwa hesabu, na nyingine zina alama zinazofanana na maandishi ya Kiarabu.

Kutoka kwa Waislamu kazi hiyo ilifika Hispania. Karibu na mji wa Burgos iko monasteri ya Las Huelgas, ambamo wafalme wa Castilla walizikwa. Mwaka 1275 alikufa mwana wa mfalme, Fernando de la Cerda. Kaburi lake lilipofunguliwa katika karne ya 20, ulionekana mto wa kichwa uliofunikwa kwa nguo ya hariri, yote imefumwa kwa vitanzi. Vitanzi vyake ni vidogo mno, karibu 8 katika kila sentimeta moja. Juu yake zimo alama za ukoo wa mfalme, na pembezoni limo neno moja la Kiarabu lililofumwa kwa herufi za kale. Ni neno gani? Ni neno ambalo kila msomaji wa Kiswahili analijua: baraka.

Tulitazame jambo hili vizuri. Mafundi Waislamu waliwafanyia kazi wafalme Wakristu, wakaandika baraka kwa sindano juu ya mto wa maiti. Wafumaji wale waliandika neno kwa vitanzi, herufi moja baada ya nyingine, bila kalamu wala wino. Aliyefanya hivyo alihesabu kila kitanzi cha kila mstari.

BIKIRA MARIA NA SINDANO NNE

Katika Injili ya Yoane, sura ya 19, tunasoma habari ya kanzu ya Bwana wetu, ambayo haikuwa na mshono, nao askari hawakutaka kuipasua, wakaipigia kura. Wachoraji wa Ulaya waliwaza sana juu ya kanzu hiyo. Yawezekanaje nguo isiwe na mshono? Walipoiona kazi ya vitanzi, walipata jibu lao: mtu akifuma kwa kuzunguka, akitumia sindano 4 au 5, nguo hutoka kama bomba, nzima, bila mshono.

Kwa sababu hiyo, katika karne ya 14 na mwanzoni mwa karne ya 15, zilichorwa picha za Mama Maria akifuma. Ile inayojulikana zaidi ilichorwa kwa ajili ya altare ya Buxtehude, katika Ujerumani ya kaskazini, na fundi Bertram wa Minden pamoja na watu wake, karibu mwaka 1400. Leo iko katika nyumba ya picha ya Hamburg. Mama Maria ameketi, anamalizia shingo ya kanzu ndogo kwa sindano zake. Mtoto amelala juu ya majani, kitabu kiko mbele yake. Malaika wawili wanakuja wakichukua msalaba na mkuki. Mchoraji hakumsikia mtu akisimulia tu juu ya kazi hii. Alikwisha kuiona kwa macho, maana sindano zimekaa mahali pake.

KAZI YA VYAMA

Baadaye ufumaji ulikuwa biashara kubwa, na katika miji mingi ya Ulaya biashara hiyo ilishikwa na vyama vya wanaume. Kijana alifundishwa miaka mingi, ndipo akatengeneza kazi ya mtihani ili apewe jina la fundi mkuu. Katika nchi ya Alsace, upande wa Strasbourg, mtihani huo ulidai zulia kubwa la kutundika ukutani, lenye maua, wanyama na watu, lote la vitanzi vya rangi nyingi. Zulia moja la namna hiyo, la mwaka 1781, limehifadhiwa London. Katikati yake ni ndoto ya Yakobo, ngazi ikipanda mbinguni.

Elimu ya vyama ilikuwa na mlango, na mlango ulikuwa na mlinzi. Fundi alimfundisha aliyekubaliwa na chama, basi. Wanawake wa vijiji nao walifuma sana, lakini walirithishana nakshi kwa njia nyingine: binti alimtazama mama, au alichukua soksi ya zamani, akaigeuza mkononi, akahesabu vitanzi vyake. Njia hiyo ni njema, tena ni ya heshima. Lakini ina udhaifu mmoja. Soksi ikioza na mama akifa, nakshi imekufa pia.

WACHAPAJI WAFUNGUA MLANGO

Mwaka 1524 hivi, katika mji wa Augsburg, mchapaji Johann Schönsperger alitoa kijitabu cha nakshi za kutarizi na kufuma. Wengine wakamfuata mbio. Mwaka 1587 Federico Vinciolo, mtu wa Italia, alitoa huko Paris kitabu cha nakshi za lesi, na nyingi kati yake zilichorwa juu ya miraba. Mwaka 1597 Johann Sibmacher wa Nuremberg alitoa chake, nacho kimejaa miraba: ndege, kulungu, nyota za ncha nane, maua ndani ya vyungu.

Vitabu hivi vilikusudiwa zaidi kwa ajili ya kutarizi na kwa lesi. Lakini mraba haumwulizi mtu ameshika sindano gani. Ile nyota iliyotariziwa msalaba kwa msalaba yaweza kufumwa kitanzi kwa kitanzi. Kwa hiyo nakshi zile zile zimeonekana juu ya vitambaa vya altare, juu ya mashati, na juu ya soksi.

Mwaka 1800, huko Leipzig, Johann Friedrich Netto na Friedrich Leonhard Lehmann walitoa kitabu kikubwa juu ya ufumaji wenyewe, chenye picha za miraba na za rangi. Miaka minne baadaye, mwaka 1804, mchapaji wa Berlin alianza kuuza karatasi za miraba moja moja, kila mraba umetiwa rangi kwa mkono. Karatasi za Berlin zilikuwa za kutarizi kwa sufu, nazo zilienea Ulaya yote na Marekani. Sasa mwanamke hakuhitaji kununua kitabu kizima. Alinunua karatasi moja, akaenda nayo nyumbani.

Waingereza walishika njia nyingine. Mwaka 1840 Jane Gaugain, mwenye duka la sufu mjini Edinburgh, alitoa kitabu cha maelezo. Yeye aliandika kila mstari kwa herufi za kifupi, nyingine amezigeuza kichwa chini, kila herufi ikiwa ni amri moja kwa mikono. Tangu hapo zimekuwapo njia mbili: njia ya maneno na njia ya miraba.

Njia ya maneno ina faida yake, kwa maana mtu aweza kusomewa na mwenzake. Lakini maneno hayamwonyeshi mfumaji sura ya kazi. Ukiruka neno moja katika mstari wa 12, hutajua mpaka mstari wa 20, ua litakapopinda. Tena maneno yana lugha. Maneno ya Kiingereza hayamfai anayejua Kifaransa tu. Mraba hauna kabila.

JINSI YA KUISOMA

Tuione karatasi yenyewe. Nitaeleza kwa utaratibu, na anayependa atwae karatasi na kalamu.

Kwanza, husomwa kutoka chini kwenda juu, kwa sababu nguo hukua hivyo katika sindano. Mstari wa 1 ni ule wa chini kabisa.

Pili, karatasi huonyesha uso wa nguo, yaani upande utakaotazamwa na watu. Mfumaji wa sindano mbili akimaliza mstari huigeuza kazi, akarudi kwa upande wa mgongo. Kwa hiyo mstari wa 1 husomwa toka kuume kwenda kushoto, na wa 2 toka kushoto kwenda kuume, na kuendelea hivyo, kama ng'ombe alimaye shamba, akifika mwisho anageuka. Anayefuma kwa kuzunguka, kama Mama Maria katika picha ile, hageuzi kamwe. Yeye husoma mistari yote toka kuume.

Je, neno hili ni dogo? Tujaribu. Chora miraba 6 kwa 6. Katika mstari wa 1 tia rangi mraba wa 1 toka kuume, katika mstari wa 2 mraba wa 2, katika wa 3 mraba wa 3, mpaka wa 6. Umepata ngazi nzuri inayopanda. Sasa mtu wa sindano mbili aifume, lakini asome kila mstari toka kuume bila kukumbuka kwamba ameigeuza kazi. Juu ya uso wa nguo rangi itaangukia mahali pa 1, kisha pa 5, kisha pa 3, tena pa 3, kisha pa 5, na mwisho pa 1. Ngazi imevunjika, nayo mikono haikukosa hata kitanzi kimoja. Kilichokosa ni kusoma.

Tatu, alama. Katika kazi ya rangi, mraba mweupe ni uzi wa kwanza, mraba mweusi ni uzi wa pili. Katika kazi ya matundu kama lesi, mara nyingi duara huonyesha uzi uliozungushwa juu ya sindano ili kutoa kitanzi kipya na tundu, na mstari wa mshazari huonyesha vitanzi viwili vilivyofumwa pamoja kuwa kimoja. Vitabu havilingani katika alama zote. Kwa hiyo tazama kwanza orodha ya alama iliyoandikwa pembeni, kabla hujagusa sindano.

Hapa pana hesabu inayofaa kukumbukwa. Duara huongeza kitanzi kimoja, mshazari hupunguza kimoja. Kama mstari una duara 3 na mishazari 3, vitanzi vyako 41 vitabaki 41. Kama umehesabu ukapata 42, usiendelee; kosa liko katika mstari huo huo, na dawa yake ni rahisi kuliko kesho.

Nne, marudio. Mchoraji hachori nguo nzima. Huchora ua moja, akaliwekea mpaka wa wino mzito, maana yake: rudia sehemu hii. Kama ua lina miraba 8, na kando kuna mraba 1 wa kumalizia, basi vitanzi vya kuanzia ni 8 mara hesabu ya maua, ongeza 1. Kwa maua 5 ni 41.

Tano, umbo. Kitanzi si mraba wa kweli. Ni kipana kuliko urefu wake. Kwa uzi wa kadiri, mara nyingi vitanzi 20 hutimiza sentimeta 10 za upana, lakini yahitajiwa mistari 28 kutimiza sentimeta 10 za kwenda juu. Kwa hiyo msalaba uliochorwa miraba 20 kwa 20 utatoka na upana wa sentimeta 10 na urefu wa sentimeta 7 na kidogo. Umeshuka kama mtu aliyetwikwa mzigo. Mwenye akili hufuma kwanza kipande kidogo cha kupima, kisha huongeza mistari katika mchoro wake.

MKATE KATIKA NAKSHI

Mtu ataniuliza: haya yote ni ya kujipamba tu? Sivyo. Sikilizeni habari mbili.

Huko Selbu, katika Norwei, husimuliwa kwamba mwaka 1857 msichana mmoja, Marit Guldsetbrua, ambaye baada ya kuolewa aliitwa Emstad, alifuma glavu nyeusi na nyeupe zenye nyota ya ncha nane. Alizivaa kanisani pamoja na dada zake. Watu walizitamani, wanawake wa Selbu wakaiga nyota ile, wakaongeza nyingine, mpaka glavu za Selbu zikauzwa nchi yote na ng'ambo. Bonde zima lilipata fedha kwa nakshi ambayo mtoto aweza kuihesabu.

Habari ya pili ni ya Uswidi. Katika jimbo la Bohuslän, kando ya bahari, wanaume walikata mawe. Kazi ya mawe ilipoanguka baada ya mwaka 1930, jamaa nyingi zilibaki bila mshahara. Wake zao walimwendea mke wa gavana, Emma Jacobsson, wakaomba kazi wala si sadaka. Ndipo mwaka 1939 likaanzishwa shirika la Bohus Stickning. Wachoraji walitunga nakshi za rangi nyingi na kuziandika kwa miraba, na wanawake walizifuma nyumbani kwao, kila mmoja karibu na jiko lake. Kazi ilikaguliwa kwa ukali, na sweta zao zilisifiwa katika nchi nyingi. Shirika lilidumu miaka 30, mpaka mwaka 1969.

Tuone sababu ya kufaulu kwao. Mchoraji mmoja hakuweza kukaa katika kila jikoni akimfundisha kila mama. Karatasi ilikwenda badala yake. Wanawake wa vijiji mbalimbali, wasioonana, walitoa sweta zinazofanana kitanzi kwa kitanzi.

Baada ya vita vya pili kuanza, elimu hii ilizidi kupangwa. Mwaka 1943 Mary Thomas alitoa London kitabu cha nakshi chenye alama za miraba. Mwaka 1972 Barbara Walker wa Marekani alitoa kitabu kizima cha nakshi zilizochorwa. Wajapani ndio waliokwenda mbali kuliko wote: waliweka alama za namna moja kwa nchi nzima, kwa amri ya ofisi ya vipimo. Ndiyo maana leo mwanamke asiyejua hata herufi moja ya Kijapani aweza kununua kitabu cha Japani, akatoa sweta iliyomo.

NA SISI JE?

Kwetu nakshi hazikuletwa na meli. Huko Kasai, kati ya Wakuba, wanaume hufuma nguo kwa nyuzi za mwale, na wanawake huitarizi kwa nakshi za pembe na mafundo, bila kuchora kwanza, wakizitoa kichwani. Wataalamu wa hesabu wa Ulaya wamezistaajabia. Wanawake wasuka mikeka na vikapu nao wanahesabu: mbili juu, moja chini, kila siku, wala hawasemi kwamba ni hesabu.

Ufumaji wa sindano mbili ulifundishwa na masista katika misioni, na katika nyumba za mafundisho ya wake wa mjini zilizoitwa Foyers Sociaux. Ile ya Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, ilianza mwaka 1946. Wake walijifunza kushona, kufuma, kupiga pasi na kulea watoto. Sindano zilibaki katika nyumba nyingi hata nyumba zile za mafundisho zilipofungwa.

Lakini jambo moja ni la kuangalia. Mwenye kufundishwa kuiga mkono wa mwalimu hubaki akimhitaji mwalimu. Mwenye kufundishwa kusoma karatasi aweza kwenda peke yake, na siku moja atachora yake. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nakshi ni mali. Mama anayejua nakshi tano za kofia za watoto, akazihifadhi kichwani tu, siku ya kuzikwa kwake tunazika mali bila kujua hesabu yake.

Wala gharama si kubwa. Karatasi ya miraba tunayo tayari: ni daftari la hesabu la watoto wa shule. Katika vyama vya akina mama, anayejua atwae ukurasa mmoja wa daftari hilo, achore nakshi yake mraba kwa mraba, aandike alama pembeni, aweke jina lake chini, ili wajulikane waliotunga. Kisha ampe jirani, naye aifume bila kuelezwa kwa mdomo. Ikitoka sawa, wote wawili wamejua kitu: mmoja ameandika, na mwingine amesoma.

Na kama huyo jirani ni mmoja wa wale wanaosema kila mara, "Mimi sijui kusoma," mwonyesheni kofia aliyoitoa, mkamwulize ameitoa wapi. Baada ya kuonja kusoma kwa mistari na miraba, kwa nini asijaribu herufi pia? Aliyekwisha kufuata nyota ya ncha nane toka mstari wa 1 hadi wa mwisho ana saburi ya kutosha kwa herufi zote za alfabeti.